Kifua cha mtoto hakikuanza na baridi

Mdogo wangu alinipa kadi ya kliniki ya mwanawe nimshikie wakati anatafuta nauli kwenye mkoba. Mtoto alikuwa na miezi 7, na hiyo ilikuwa mara ya tatu anapelekwa zahanati kwa ajili ya kifua. Usiku kucha alikuwa akikoroma, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Nikaifungua kadi bila kusudi lolote. Ukurasa wa chanjo ulikuwa umejaa tarehe. Ukurasa wa mbele, kwa kalamu ya bluu iliyoanza kufifia, mkunga alikuwa ameandika: mimba wiki 39, uzito wa kuzaliwa kilo 2.1.

Tulipoingia ndani mhudumu akaenda moja kwa moja kwenye chanjo, akaridhika, kisha akamuuliza mama kama mtoto analala na feni. Nyumbani shangazi naye alikuwa na jibu lake: mtoto anaogeshwa jioni, atakosaje kifua? Jirani akasema ni hali ya hewa, mvua zimebadilika. Kila aliyemgusa mtoto yule siku ile alitafuta chanzo cha ugonjwa katika mambo ya wiki ile. Ile 2.1, uzito mdogo kwa mtoto aliyetimiza muda wake tumboni, hakuna aliyeitazama, na mimi nisingeitazama kama mkoba wa mdogo wangu usingekuwa na vitu vingi.

Tumezoea kuuchukulia uzito wa kuzaliwa kama habari ya siku moja. Mtoto anapimwa, anafungwa khanga, ndugu wanapigiwa simu: kilo ngapi? Akiwa mdogo, tunafarijiana kwamba atanenepa tu. Na kweli wengi wananenepa. Lakini uzito ule ni taarifa ya jinsi miezi tisa ilivyokwenda, na kati ya viungo vinavyobeba taarifa hiyo kwa muda mrefu, mapafu yako mstari wa mbele.

Mapafu huanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Karibu na wiki ya 4 ya mimba, kichipukizi kidogo hutokeza kwenye mrija ambao baadaye utakuwa wa chakula. Kinagawanyika mara mbili. Kila tawi linagawanyika tena, na tena, kama mwembe unaotanua matawi, hadi ikifika wiki ya 16 au 17 matawi yote makuu na madogo ya njia za hewa yameshatoka. Kuanzia hapo yatarefuka na kutanuka kadiri mtoto anavyokua, ila idadi yake haiongezeki. Njia za hewa anazopumulia mzee wa miaka 70 zilihesabiwa na kufungwa hesabu mama yake akiwa na mimba ya miezi minne.

Vifuko vya hewa, vile vidogo kabisa ambamo oksijeni huingia kwenye damu, vina ratiba nyingine. Vinaanza kuota miezi ya mwisho ya mimba, mtoto anazaliwa na makumi ya milioni, na miaka ya kwanza ya maisha vinaongezeka hadi kufikia mamia ya milioni. Vifuko vina nafasi ya pili ya kukua. Matawi hayana.

Sasa fikiria mtoto aliyemo tumboni ambaye kondo la nyuma halimletei chakula na oksijeni ya kutosha. Sababu inaweza kuwa malaria iliyojificha kwenye kondo, shinikizo la damu la mama, upungufu wa damu, moshi au njaa. Mwili wa mtoto huyo hufanya kile ambacho familia yoyote hufanya mwaka wa ukame: kinachopatikana kinapelekwa kwanza kwa asiyeweza kusubiri. Damu inaelekezwa kwenye ubongo na moyo. Viungo vingine vinangoja. Tena mtoto wa tumboni huwa anafanya mazoezi ya kupumua, kifua kikipanda na kushuka ingawa hakuna hewa, na mapafu hutengeneza maji yanayoyatanua kutoka ndani. Oksijeni ikipungua, mazoezi hayo hupungua nayo, na pafu lisilotanuliwa halikui sawasawa. Watafiti waliowafuatilia kondoo waliozaliwa wadogo kwa sababu ya kondo dhaifu walikuta vifuko vichache zaidi, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ukiwa mnene zaidi. Kondoo hao walipokuwa wakubwa, tofauti ilikuwa bado ipo.

Kondoo ni kondoo, utaniambia. Kwa mtoto wa binadamu unapimaje? Hawezi kuambiwa avute pumzi ndefu kisha apulize kwenye mrija. Huko Southampton, Uingereza, watafiti walianza mwaka 1998 kuwaandikisha wanawake ambao hawakuwa wajawazito bado, na hadi mwaka 2002 walikuwa wameandikisha 12,583, kisha wakawafuatilia wale walioshika mimba. Wazo hilo peke yake linanipendeza sana: kumjua mama kabla hajawa mama. Kati ya watoto waliozaliwa, 131 wenye afya, waliotimiza muda wao tumboni, walipimwa mapafu wakiwa na umri wa wiki 5 hadi 14. Mtoto analala usingizi, anawekewa barakoa ndogo juu ya pua na mdomo, na kifuani anavikwa kijikoti kinachojazwa hewa ghafla. Kijikoti kinabana kifua, hewa inatoka, na mashine inaandika kiasi gani kimetoka katika sekunde 0.4 ya kwanza. Hata nusu sekunde haijatimia. Katika kipande hicho cha muda ndipo unapoona kama njia za hewa ni pana au nyembamba.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na njia za hewa dhaifu zaidi, hata hesabu ilipofanywa kwa kuzingatia ukubwa wa miili yao. Haikuwa tu kwamba mtoto mdogo ana mapafu madogo, jambo ambalo kila mtu angelitarajia. Hewa yake ilitoka kwa taabu zaidi kuliko ukubwa wake ulivyostahili. Na hawa hawakuwa wagonjwa wala njiti.

Lakini kilichonisimamisha ni tokeo la pili. Watoto walioongezeka uzito haraka sana wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa nao walikuwa na mapafu dhaifu zaidi kuliko wenzao. Nililisoma mara mbili. Sisi tunajua mtoto aliyezaliwa mdogo anatakiwa alipie deni haraka, na mtoto mnene ndiye anayesifiwa na mama wakwe. Kumbe mwili unaweza kunenepa ukaziacha nyuma njia za hewa ambazo idadi yake ilishafungwa zamani. Nyama inaongezeka, matawi ni yaleyale.

Hapa niseme kwa uangalifu, maana najua jambo hili linaweza kugeuzwa vibaya jikoni. Hakuna mtafiti aliyesema mtoto mdogo anyimwe chakula. Mtoto wa kilo 2.1 anahitaji kunyonya, tena mara kwa mara, usiku na mchana. Ninachokiona mimi ni hatari ya ile haraka yetu: uji katika mwezi wa pili, maziwa ya kopo juu ya maziwa ya mama, sukari kijiko kimoja ili ashibe. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 yanamtosha, na ni salama kwa kifua chake kuliko chochote kinachopikwa kwa pupa ya kumnenepesha.

Je, tofauti ya mapafu ya wiki ya 5 inafika mbali? Jibu limekuwepo kwenye madaftari tangu zamani. Katika wilaya ya Hertfordshire, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, wakunga na manesi chini ya Ethel Margaret Burnside waliandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa, wakarudi kumpima tena akiwa na mwaka mmoja, na kuandika kama alipata homa ya mapafu. Walifanya hivyo bila kujua nani atayasoma. Miaka mingi baadaye daktari David Barker na wenzake waliyatafuta madaftari hayo, wakafuatilia wanaume 5,718 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Vifo vya ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa vilikuwa vingi zaidi kwa wale waliozaliwa wepesi na waliokuwa wepesi walipotimiza mwaka. Wanaume 825 waliokuwa hai, wenye miaka 59 hadi 67, walipulizishwa kwenye kipimo. Kwa kila ratili moja ya uzito wa kuzaliwa, yaani karibu gramu 450, hewa iliyotoka sekunde ya kwanza iliongezeka kwa lita 0.06. Aliyewahi kuugua homa ya mapafu au mkamba akiwa mchanga alipungukiwa lita 0.17, uzito wowote aliozaliwa nao.

Lita 0.06 ni robo ya kikombe cha chai. Kwa mtu mmoja mwenye nguvu zake ni kitu asichokihisi. Mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea hesabu, kwa sababu kila mmoja wetu hupoteza sehemu ya uwezo wa mapafu kila mwaka baada ya ujana. Aliyeanza na akiba ndogo ndiye anayefika mwisho wake mapema, na akiongeza juu yake miaka 30 ya kupikia kuni au kufanya kazi kwenye vumbi la saruji, ile robo kikombe ndiyo inayomtenga yeye na mwenzake anayepanda ngazi bila kusimama.

Sitaki kuuza hoja hii kwa bei isiyo yake. Kuna ushahidi unaoitatiza. Majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, nchi ikiwa imekaliwa kimabavu na Wajerumani, Uholanzi ya magharibi ilikumbwa na njaa kali. Waliokuwa tumboni wakati ule, hasa mwanzoni na katikati ya mimba, walipofikia utu uzima waliugua zaidi magonjwa ya kuziba njia za hewa. Lakini walipopulizishwa kwenye kipimo, uwezo wa mapafu yao haukutofautiana na wa wengine. Kwa hiyo njaa ya mama haitoi maelezo yote, na uzito wa kuzaliwa wenyewe si ugonjwa. Ni kama moshi unaouona kwa mbali: unakuambia kuna moto, haukuambii nani kauwasha.

Na moshi wenyewe, ule wa kweli, una kesi yake. Kintampo nchini Ghana, wajawazito walivaa vipimo vidogo vya kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye kuni na mkaa na kuichukua nafasi ya oksijeni kwenye damu ya mama, kisha kwenye damu ya mtoto. Watoto wao walipimwa upumuaji wakiwa na siku 30. Mama alipovuta gesi hiyo zaidi wakati wa mimba, mapafu ya mtoto yalionekana dhaifu zaidi, na watoto waliopumua kwa kasi katika umri ule ndio walioelekea zaidi kupata nimonia kabla ya kutimiza mwaka. Huko Paarl, karibu na Cape Town, watafiti waliwapima watoto wa wiki 6 hadi 10 wakiwa wamelala usingizi wao wa kawaida, bila dawa ya usingizi. Walikuta athari za sigara na pombe za mama tayari zimo kwenye mapafu hayo machanga. Walikuta pia mzunguko ambao kila mzazi anaujua bila kuujua jina: mapafu dhaifu wiki ya 6 yalimweka mtoto karibu zaidi na nimonia mwaka wa kwanza, na nimonia ikayadhoofisha mapafu zaidi.

Huo mzunguko ndio uliokuwa kwenye kadi niliyoishika. Kuzaliwa 2.1, kifua cha kwanza miezi 3, cha pili miezi 5, cha tatu miezi 7. Feni haikuwepo hata kwenye orodha.

Kwetu sababu za mtoto kuzaliwa mdogo zinajulikana, na nyingi zinazuilika. Malaria ya ujauzito inaweza isimletee mama homa kabisa, huku vimelea vikijazana kwenye kondo la nyuma. Ndiyo maana anapewa vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, anywe mbele ya nesi. Upungufu wa damu ni mwingine. Dar es Salaam ulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, ambapo wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vyenye vitamini mbalimbali kila siku, wengine vidonge vitupu, na wote wakapata madini ya chuma na foliki. Kwa waliopata vitamini, watoto wenye uzito chini ya kilo 2.5 walikuwa asilimia 7.8, kwa wengine asilimia 9.4. Utafiti ule ulipima uzito, haukupima mapafu, na mimi siwezi kuusemea kile ambacho haukusema. Ninachosema ni kwamba ikiwa kidonge kinaweza kuisogeza mizani katika mji wetu wenyewe, basi udogo wa mtoto si kudra ya kuipokea tu kwa mikono miwili.

Shida ni kalenda. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito afike kliniki kabla ya wiki ya 12. Wengi wetu tunawajua dada zetu wanaokwenda tumbo likiwa limeshaonekana, mwezi wa tano au wa sita. Vidonge vya damu vinaanza wakati huo, ushauri kuhusu moshi na sigara ya baba unaanza wakati huo, na matawi ya njia za hewa yalikwisha kutoka mwezi uliopita au kabla yake. Tunakuja na mbolea mti ukiwa umeshapanga matawi.

Tusiwalaumu kina mama hapa. Mimba changa haitangazwi, kila bibi amefundisha hivyo, kwa hofu ya kijicho na kwa uchungu wa mimba zilizowahi kutoka. Na mfumo nao una mlango wake mwembamba. Namjua mama aliyefika kliniki na mimba ya wiki 10, akaambiwa arudi na mumewe. Mume alikuwa mbali, kwenye machimbo. Alirudi kliniki akiwa na miezi mitano, na karatasi ya mwenyekiti wa mtaa badala ya mume. Kumshirikisha baba ni jambo jema, lakini likigeuzwa kuwa sharti la kufungua kadi, wiki zinazopotea ni zilezile ambazo hazirudi.

Na jiko? Mwezi wa kwanza na wa pili, kichefuchefu kikiwa kikali, huyu mama ndiye bado anachutama mbele ya mafiga matatu, macho yanatoka machozi, anapuliza moto wa kuni mbichi kwenye jiko lisilo na dirisha. Harufu inamtapisha, watu wanasema ni mimba tu. Angeondolewa kwenye moshi ule wiki hizo, mume au shemeji ashike mwiko, au jiko la mkaa lipelekwe nje uani, ingekuwa zawadi kubwa kuliko vitenge vinavyoletwa siku ya arobaini. Gesi ni bora zaidi kwa aliye na uwezo wa kujaza mtungi, na najua si wengi.

Kitu kimoja tungeweza kukianza kesho bila fedha ya mtu yeyote. Mtoto mwenye kikohozi akifika zahanati, asomwe kuanzia ukurasa wa mbele. Uzito wa kuzaliwa uko pale, umri wa mimba uko pale. Aliyezaliwa na kilo 2.1 kwenye wiki 39 na aliyezaliwa na kilo 2.1 kwenye wiki 34 wana historia mbili tofauti: wa pili ni njiti aliyewahi kutoka, wa kwanza alikaa muda wote akakosa kitu. Tunawaita wote wadogo, tunawapeleka wote kwenye huduma ya kangaruu, ile ya kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na baada ya hapo tunasahau wote wawili. Kwa kila mmoja wao, kikohozi cha siku tatu kinastahili jicho kali kuliko cha mtoto wa kilo 3.4, na sigara ndani ya chumba anacholala haina nafasi hata siku moja.

Mdogo wangu siku hizi haingojei kuulizwa. Akifika dirishani anaifungua kadi mwenyewe, anaweka kidole kwenye ile 2.1, ndipo anasema mtoto anakohoa. Mara ya mwisho mtoto alikuwa na miezi 9. Nesi aliyekuwa zamu aliinama akasoma, akamfunua mtoto shati, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani, akahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kusema neno. Akapata 54, kasi kuliko inavyotakiwa kwa umri ule. Akaandika dawa, akaandika na tarehe ya kurudi siku ya tatu, kisha akamuuliza mama nyumbani wanapikia nini.